Homa ya Mtoto Mchanga

Katika kazi yangu ya uganga hapa Uganda, swali ambalo akina baba wameniuliza mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Mtoto amezaliwa juzi, mwili wake una joto. Tumpe dawa gani?" Jibu langu ni lile lile siku zote, nalo ni fupi. Msimpe dawa yo yote nyumbani. Mpimeni, mnyonyesheni, na mleteni hospitali.

Watu wengi hushangaa wanaposikia hivyo. Mtoto wa miaka mitano akipata joto twampa dawa ya homa, twalala naye, na asubuhi twamtazama tena. Kwa nini basi yule mdogo zaidi asipewe hata kipande cha kidonge? Na kwa nini safari ianze usiku, wakati mtoto hana kidonda wala hatapiki? Hayo ndiyo nitakayoyaeleza katika makala haya.

Huenda mwanafunzi wa kidato cha pili akasema kwamba haya ni mambo ya akina mama, wala hayamhusu. Namwomba asome mpaka mwisho, kwa sababu mbili. Kwanza, katika nyumba nyingi za vijijini, mtu awezaye kusoma tarakimu za kipimo na kuhesabu pumzi kwa saa ya mkononi ni kijana aliyerudi likizo. Pili, wale waliopita shule hii zamani sasa ni baba za watu, na kwa desturi za kwetu baba ndiye mwenye kutoa nauli. Mama aweza kuona tangu alfajiri kwamba mtoto hanyonyi, lakini safari haianzi mpaka baba akubali. Nimeona watoto waliopona kwa kuwa baba alikubali jioni ile ile, na nimeona waliofika wamechelewa kwa kuwa baba alisema, "Tungoje kukuche."

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2022 watoto wapatao milioni 2.3 duniani walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hapa Uganda, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 27 walikufa katika mwezi wa kwanza. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 22. Hesabu inashuka, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini bado ni kubwa. Mambo yauayo zaidi ni kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na vijidudu vinavyoingia mwilini. Hili la mwisho ndilo linalojificha nyuma ya neno "joto".

Joto lililo sawa

Tunaposema mtoto mchanga, maana yake ni mtoto aliye katika siku 28 za kwanza. Joto lake likipimwa kwapani hutakiwa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5 za Sentigredi. Wazee wetu waliozoea kipimo cha Fahrenheit watasema 97.7 hadi 99.5. Likipita 37.5 limezidi. Likifika 38, yaani 100.4 za Fahrenheit, hiyo ni hatari ambayo haingoji. Na likishuka chini ya 36.5 mtoto amepata baridi, jambo ambalo nitalirudia baadaye, maana watu wengi hawalijui.

Yafaa pia tujue kwamba zamani hata madaktari waliichukua homa kuwa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alitoa kitabu juu ya joto la mwili, baada ya kukusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Alionyesha kwamba homa si ugonjwa, bali ni dalili ya ugonjwa. Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alibuni kipimajoto kifupi cha kama inchi sita, ambacho mganga aliweza kukitia mfukoni na kupata jibu kwa dakika tano. Kabla ya hapo vipimo vilikuwa virefu, tena vilichukua muda mrefu kutoa jibu.

Mafundisho ya Wunderlich ndiyo msingi wa maneno yangu yote. Mtu anayeshughulika kushusha joto la mtoto mchanga tu ni kama mtu aliyesikia mbwa akibweka usiku, akatoka nje akamfunga mbwa mdomo, kisha akarudi kulala. Mbwa amenyamaza, lakini mwizi bado yumo uani.

Kwa nini mtoto mchanga si kama sisi

Tumboni mwa mama mtoto hakuwa na kazi ya kujipatia joto. Akizaliwa, tena akiwa amelowa, hutoka mahali pa joto akaingia katika hewa ya baridi. Ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto humtoka upesi. Hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili apate joto, wala hawezi kutoa jasho vizuri ili apoe. Tena hawezi kusukuma blanketi wala kuomba maji. Kwa hiyo joto lake hufuata sana joto la mahali alipo na nguo alizovikwa.

Nimefanya kazi katika sehemu mbili za nchi hii zilizo mbali kwa hali ya hewa. Kule Kabale, katika milima ya kusini-magharibi, usiku ni baridi, na mtoto hufungwa blanketi mbili, kofia na soksi, kisha hulazwa karibu na moto. Kule Arua, kaskazini-magharibi, katika miezi ya kiangazi nyumba ya bati huwa kama tanuri wakati wa mchana. Katika sehemu zote mbili mtoto mzima aweza kupata joto bila ugonjwa. Na katika sehemu zote mbili mtoto mgonjwa aweza kuachwa nyumbani kwa kuwa watu wamesema, "Ni blanketi tu," au, "Ni jua tu."

Jambo la pili ni askari wa mwili. Damu yetu ina chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Za mtoto mchanga bado ni changa kama mwenyewe, na huchelewa kufika vitani. Kinga anayopata kwa mama humfikia zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ndiyo maana aliyezaliwa kabla ya wakati huwa na kinga haba. Kwa sababu hiyo kijidudu kilichoingia kwenye kitovu au mapafu chaweza kufika katika damu, na kutoka damuni kikafika kwenye utando wa ubongo, kwa muda wa saa chache. Kwa mtu mzima safari kama hiyo huzuiwa njiani. Kwa mtoto mchanga mara nyingi hakuna wa kuizuia.

Joto latoka wapi?

Sababu ni tatu, na ni vizuri kuzitenga.

Ya kwanza ni joto la nje: nguo nyingi, moto, jua, au chumba kisichopitisha hewa. Mtoto wa namna hii huwa na joto mwili mzima, hata mikono na nyayo, na ngozi yake huwa nyekundu. Akifunguliwa nguo na kuwekwa kivulini hupoa upesi.

Ya pili ni kukosa maziwa ya kutosha, hasa katika siku ya pili hadi ya nne, kabla maziwa ya mama hayajajaa. Mtoto hukauka midomo, hukojoa kidogo, na joto hupanda. Huyu naye apelekwe akatazamwe. Mama apewe msaada wa kumshika mtoto vizuri ziwani. Asianzishiwe maji.

Ya tatu ni vijidudu. Katika siku tatu za kwanza mara nyingi mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, hasa kama maji ya uzazi yalivunjika zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, au kama mama mwenyewe alikuwa na homa. Baada ya hapo huvipata katika mikono ya watu, kwenye kitovu, au katika hewa ya mtu mwenye kikohozi. Dalili moja nzuri ya kutambua ni hii: mtoto mgonjwa aweza kuwa na tumbo na kifua cha moto, lakini mikono na nyayo zake ni za baridi, na rangi yake si nzuri.

Wengi wetu husema mara moja, "Ni malaria." Malaria yaweza kumpata mtoto mchanga, lakini haijulikani ila kwa kupima damu, na si sababu ya kwanza ya kufikiriwa kwa mtoto wa umri huo. Mtu akimpa mtoto dawa ya malaria nyumbani, huku ugonjwa wenyewe ni vijidudu katika damu, atakuwa amepoteza siku nzima ambayo haitarudi.

Namna ya kupima

Kwanza mkono hautoshi. Mkono uliotoka kupika au kuosha vyombo hudanganya. Mkono unaweza kukuambia kwamba kuna jambo. Tarakimu ndiyo itakayokuambia ni jambo gani.

Vile vipimajoto vya kioo vyenye zebaki vimeondolewa sokoni katika nchi nyingi, maana zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vikome kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2020. Siku hizi vipo vya betri, vinavyoonyesha tarakimu, tena bei yake si kubwa. Kila nyumba inayongojea mtoto yafaa inunue kimoja mapema, kama inavyonunua shuka na sabuni.

Kupima ni hivi. Nawa mikono. Futa ncha ya kipimo kwa kitambaa safi chenye maji ya sabuni, kisha ikaushe. Kausha kwapa la mtoto. Weka ncha katikati ya kwapa, igusane na ngozi wala si nguo, kisha ushushe mkono wake na kuushika taratibu ubavuni. Ngoja mpaka kipimo kilie, usome, uandike tarakimu na saa. Usimpime mara tu baada ya kumwogesha. Na nyumbani usipime kwa njia ya haja kubwa. Kwapa latosha, na halimjeruhi mtoto.

Wakati huo huo hesabu pumzi zake. Mtoto awe ametulia. Funua kifua, tazama saa, uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa sababu mtoto mchanga hupumua bila mpango: mara upesi, mara polepole. Ikiwa ni 60 au zaidi, hesabu tena. Ikiwa bado ni 60 au zaidi, hiyo ni hatari, hata kama hana joto.

La kufanya

Kama kipimo ni 38 au zaidi, hakuna majaribio. Mpunguzieni nguo za ziada, mama amnyonyeshe, na safari ianze. Hata akianza kupoa njiani msirudi. Joto lililofika hapo lazima litazamwe na mganga.

Kama ni zaidi ya 37.5 lakini halijafika 38, tazameni mtoto kwanza. Ikiwa ananyonya kwa nguvu, analia vizuri na hana dalili nyingine, mwondoeni nguo moja, mtoeni karibu na moto au jua, mama amnyonyeshe, kisha mpimeni tena baada ya nusu saa. Likirudi chini ya 37.5 mtoto abaki nyumbani, apimwe tena baada ya saa moja, na usiku ule asiachwe bila kutazamwa. Lisiposhuka, nendeni. Wakati wa kungoja ile nusu saa baba asikae tu. Atafute nauli na chombo cha kusafiria, ili jibu likiwa baya pasiwe na kuchelewa.

Kama kipimo ni chini ya 36.5, mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, wafunikwe wote wawili, na anyonyeshwe. Asipopata joto katika saa moja, au kipimo kikiwa chini ya 35.5, nendeni mara moja, naye akae pale pale kifuani mpaka mfike.

Na ziko dalili ambazo zikionekana hata moja tu, mtoto apelekwe bila kungoja kipimo: hanyonyi, au ananyonya kwa udhaifu kuliko jana, amepata degedege, analegea, hatikisiki ila akiguswa, anapumua upesi, au chini ya kifua huingia ndani sana kila anapovuta pumzi, analia kwa kugumia, utosi umevimba, midomo ni ya buluu, nyayo zimekuwa za manjano, kitovu ni chekundu pembeni au kinatoa usaha.

Nitatoa mifano miwili. Kule Kabale, seremala mmoja alikuwa na mtoto wa siku sita. Usiku mtoto akawa wa moto. Bibi wa nyumba akasema ni blanketi, nalo halikuwa neno la kipumbavu, maana mtoto alikuwa amefungwa sana. Seremala hakubishana naye. Alisema, "Mama, tumfungue kama usemavyo, kisha tumpime." Kipimo kikasema 37.8. Wakaondoa blanketi, mama akamnyonyesha, na baada ya nusu saa kikasema 37.9, na mtoto ananyonya kwa uvivu. Walifika kwetu saa saba za usiku. Tulipomfunua tuliona wekundu kuzunguka kitovu. Alichomwa sindano usiku ule ule, akaendelea nazo siku kadha wa kadha, akarudi nyumbani akiwa mzima.

Mfano wa pili ni wa Arua. Mtoto wa siku tisa alikuwa na joto kwa siku mbili. Siku ya tatu alipoa, na watu wa nyumbani wakafurahi, wakasema homa imetoka. Lakini hakunyonya tangu asubuhi, na jioni alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alipofika kwetu kipimo kilisema 34.9. Homa haikuwa imetoka. Mwili wenyewe ulikuwa umeshindwa kuendelea kupigana. Tulimpoteza kabla ya kukucha. Kwa hiyo nawaomba wasomaji washike neno hili: mtoto mchanga anayepoa huku akiacha kunyonya hajapona, amezidiwa.

Yasiyofaa

Usimwogeshe mtoto kwa maji ya baridi wala kumpaka spiriti. Maji ya baridi humshtua na kumtia baridi, na spiriti hupita katika ngozi yake nyembamba ikawa sumu.

Usimpe asprini kamwe. Wala usimpe parasetamoli kabla ya kuonwa na mganga. Itashusha joto na kuficha ile dalili, na kipimo chake kwa mtoto wa uzito mdogo ni rahisi kukosewa.

Usimpe dawa za vijidudu zilizobaki kabatini kutoka kwa mgonjwa mwingine. Dawa haba huficha ugonjwa bila kuuponya, na hospitalini huwa vigumu kujua kijidudu ni kipi.

Usimpe maji, chai, wala dawa za miti shamba. Tumbo lake halijazoea kitu ila maziwa ya mama. Wala usipake kitovu mavi ya ng'ombe, majivu, poda au mafuta. Kitovu kiachwe kikavu na wazi, kisipakwe kitu ila dawa aliyoitoa mkunga au muuguzi.

Najua kwamba katika haya kijana aweza kugongana na wakubwa wake. Ushauri wangu ni kwamba asiwadharau. Bibi zetu wamelea watoto wengi kuliko sisi, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona kwamba mtoto hayuko sawa. Kijana aseme, "Bibi, umeona vizuri. Tumpime, tujue ni kiasi gani." Kipimo hakimtukani mtu.

Njiani na hospitalini

Mama ambebe mtoto kifuani, si mgongoni, ili auone uso wake. Pua na mdomo visifunikwe. Aendelee kumnyonyesha kila anapotaka. Chukueni kadi ya kliniki na karatasi mliyoandika vipimo na saa zake. Karatasi ile humsaidia mganga kuliko hadithi ndefu.

Nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni kidogo. Mahali penye dawa, mtoto wa namna hii huchomwa sindano za kwanza za ampisilini na jentamaisini hapo hapo, kisha hupelekwa kwenye hospitali kubwa. Baba asione haya kuuliza kwa adabu, "Je, amepata sindano ya kwanza kabla hatujaondoka?" Swali hilo moja laweza kumpunguzia mtoto saa nyingi za kungoja. Tangu mwaka 2001 vituo vya serikali hapa Uganda havitozi ada ya matibabu ya kawaida. Lakini nauli ni yetu, na mara nyingine dawa hununuliwa nje. Kwa hiyo akiba ndogo iliyowekwa tangu wakati wa mimba ni jambo la busara.

Hospitalini watachukua damu. Huenda pia wakataka kuchukua maji kidogo ya uti wa mgongo, ili wajue kama vijidudu vimefika kwenye utando wa ubongo. Akina baba wengi hukataa hapa, wakidhani mtoto atapooza. Sindano ile huingia chini ya mahali uti wenyewe unapokoma, na maji yanayochukuliwa ni matone machache, ambayo mwili huyarudisha. Mtoto aliyeonekana kuwa na vijidudu katika damu huchomwa sindano kwa muda wa siku saba hadi kumi, au zaidi kama ubongo umeguswa. Watu wengine, wakiona siku ya tatu kwamba mtoto ananyonya, humchukua kwenda nyumbani kwa siri. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa vijidudu vilivyobaki huamka tena.

Kuzuia

Mama ajifungue mahali penye mkunga, na apate chanjo ya pepopunda wakati wa mimba. Mtoto anyonye katika saa ya kwanza, na asiogeshwe kabla ya siku moja kupita. Avikwe nguo moja zaidi ya zile zinazomtosha mtu mzima mahali pale, si tano. Alale ndani ya chandalua.

Na kila anayemshika anawe kwa sabuni. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, katika hospitali moja ya Vienna, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Wenzake wengi hawakumkubali. Leo hakuna mganga anayebisha, lakini bado wageni huja kumwona mtoto wakatoka shambani au sokoni na kumpokea mikononi bila kunawa. Beseni na sabuni mlangoni si kumdharau mgeni.

Methali yasema haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi ni kweli. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mtoto mchanga mwenye joto, methali ya kufuata ni hii ya pili. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani kwenu likizo hii, mwulize mama kama kuna kipimajoto, na mwulize baba nauli ya usiku imewekwa wapi. Kama vyote viwili havipo, basi kazi yako ya kwanza ya likizo umekwisha kuijua.

Mwanafunzi wa zamani